Goti la Kipa Wetu

Kipa wetu hakuwa na ugonjwa wowote wa goti. Naanza na hilo kwa sababu wako watu, hapa mtaani Kimanga na hata ng'ambo ya mpaka, ambao hadi leo wanaamini lilichanika. Waliamini kwa sababu niliwaeleza mimi.

Nafundisha biolojia katika shule ya sekondari, na kueleza ni tabia yangu hata nje ya darasa. Mtu akiniuliza kwa nini maziwa yanaganda, ataniona navuta kiti nikae vizuri. Wanafunzi wananitania kwamba ukinisalimia asubuhi nitakueleza asubuhi inatoka wapi. Sijawahi kuona aibu kwa hilo. Hata mtoto anayejiita mzito, ukimtafutia mfano unaomfaa, anaelewa, na sijui kitu kizuri kama uso wa mtu aliyeelewa sasa hivi. Nilikuwa bado sijajua kwamba uso huo unafanana kabisa na uso wa mtu aliyedanganywa vizuri.

Jumapili, watu wakishatoka misani na ibadani, sisi mashabiki wa timu ya kijani hukutana kwenye atelie ya fundi cherehani. Yeye ndiye prezida wa mashabiki. Jezi zote amezishona mwenyewe, kwa hiyo anajua kifua cha kila mchezaji na husema mapema nani ameanza kunenepa. Pale kuna desturi moja ambayo lazima niieleze. Tulipokuwa tunajadili timu, zamani, kila mtu alisema pamoja na mwenzake, na siku moja viti viwili vilivunjika. Fundi akachukua utepe wake wa kupimia nguo, akasema: mwenye meta shingoni ndiye anayesema. Wengine wananyamaza mpaka aivue mwenyewe na kumpa mwingine. Hakuna kumnyang'anya, hakuna kumwambia amalize. Tangu siku ile hakuna kiti kilichovunjika, na sheria ile tuliishika kama sakramenti.

Mwaka ninaousimulia tulikuwa tumefungiwa. Ziwa lilikuwa limepanda na kumeza uwanja wa chini, tukabaki na ule wa mawe chini ya mlima. Njia ya kupanda Lemera haikupitika kwa sababu ya bunduki. Barieri ya Kavimvira, kizuizi cha mpakani, ilifunguliwa siku moja ikafungwa siku tatu, na hakuna aliyejua nani ameamua. Mtu aliweza kuutembea mji mzima asubuhi moja, akarudi mchana, na hapo safari zake zote zimekwisha. Labda ndiyo sababu tulizungumzia wachezaji kwa bidii ile. Huyu aende, yule aje, wa tatu tumbadilishe na wawili wa Makobola. Wachezaji ndio watu pekee tulioweza kuwasafirisha.

Jumapili ile fundi alianza na meta shingoni, chuma cha makaa cha kupigia pasi mkononi.

"Ule namba kumi, minye namutoa," alisema. "Anapiga chenga mpaka anajipiga mwenyewe."

Akampa meta mama muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, ambaye ameona mechi nyingi kuliko sisi sote na hajawahi kusifu hata moja.

"Weye unamutoa, unamuweka nani?" mama akauliza. "Mutoto wa dada yako?"

Fundi alinyoosha mkono, akapewa meta. "Mutoto wa dada yangu iko na mguu."

Meta ikarudi. "Iko nayo miwili, ni kweli. Sijaona ule wenye unapiga mupira."

Tulicheka, na katikati ya kicheko mlango ukajaa. Alikuwa mchuuzi wa mafuta ya mawese kutoka Kavimvira, shabiki wa wekundu, wapinzani wetu. Alipita kila Jumapili na baiskeli yake yenye madumu, eti anatafuta wateja, kumbe anakuja kutuchokoza. Sheria ya meta haikumhusu kwa kuwa hakuvuka kizingiti.

"Nyiye bado munapanga?" alisema. "Siye tulishamaliza. Iko kitu kimoja tu kimebaki, ni kipa wenu avuke."

Hakuna aliyecheka tena, maana kipa ndiye tuliyekuwa tunamzunguka tangu mwanzo bila kumtaja.

Alikuwa kijana mrefu kutoka Lemera, asiyesema sana. Golini hakuruka kama wale wanaotaka kupigiwa makofi. Mpira ulifika, naye yuko pale. Mke wake na binti yao mdogo walivuka mpaka wakati milio ilipokaribia, na walikuwa wanaishi Bujumbura kwa shangazi wa mke, wamebanwa katika chumba kimoja na watu wengine. Yeye alibaki kwa kuwa hakuwa na karatasi ya kumruhusu kukaa kule. Sasa timu moja ya ng'ambo ilitaka kipa. Mchezaji aliyeandikishwa kule anapata karatasi ya ukaaji na nyumba ndogo ya familia. Viongozi wa timu yetu walikuwa wamekubali kumwachia. Mjumbe wa timu ile angekuja Alhamisi kumwangalia mazoezini, na wiki hiyohiyo uandikishaji wao ungefungwa. Kwetu ilikuwa transferi. Kwake ilikuwa njia ya pekee ya kulala nyumba moja na mke wake na mtoto wake. Sote tulijua hilo, na sitaki msomaji afikiri kwamba hatukujua.

Lakini tulijua pia kwamba bila yeye tungeshuka daraja, na wekundu wangetucheka barabarani mwaka mzima, katika mji ambao huwezi kumkwepa mtu.

Mama wa ndagala alikuwa bado na meta. Aliangalia mlangoni, akahakikisha mchuuzi ameinama kwenye madumu yake, akashusha sauti.

"Minye niko na mukiliya mwenye anakuja saa kumi," alisema. "Nikitaka kumubakishia ndagala nzuri, nafanya je? Kila mwenye anapita namuambia: hizi zimelala toka jana, usichukue. Anaenda. Saa kumi mukiliya wangu anazikuta."

Fundi aliweka chuma chake chini.

"Alors, kipa alale wapi?" fundi aliuliza bila meta, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemkemea.

"Mu goti," mama akajibu.

Ilikuwa rahisi hivyo. Kwa kuwa uwanja wetu ni wa mawe, kipa alikuwa anafunga kitambaa goti la kulia asichubuke. Kila mtu mjini alikuwa amekiona kitambaa kile. Wote wakanigeukia.

"Prof," fundi alisema, "goti linaharibikaka ginsi gani?"

Mama akavua meta, akanivisha.

Ningeweza kusema sijui. Badala yake nilivuta kiti. Nilichukua bobini mbili za uzi, nikaziweka moja juu ya nyingine, nikasema huu ni mfupa wa paja na huu ni wa mguu. Nikaomba kipande cha lastiki, ile ya viuno vya sketi, nikaifunga toka bobini ya juu hadi ya chini. Hii ndiyo inayozishika, nikasema. Nikaikata kidogo kwa mkasi, upande mmoja tu. Nikawaonyesha: ukivuta polepole, inashika. Mtu anatembea, anakimbia, huoni kitu. Lakini siku akiruka na kugeuka hewani, tazama. Nikavuta kwa nguvu, lastiki ikakatika, bobini moja ikaanguka na kubingirika mpaka kizingitini.

Mchuuzi aliiokota. Sikuwa nimemwona ameinuka. Alikuwa ameacha kutabasamu.

"Ya kipa wenu ilichanika lini?" aliuliza.

Meta ilikuwa shingoni mwangu. Hakuna aliyeweza kunijibia.

"Ina muda," nikasema.

Alinirudishia bobini kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Alipoondoka tulipeana mikono. Tulijiambia kwamba tumewafunga wekundu. Lakini mchuuzi yule alivuka barieri kila ilipofunguliwa, na kule aliuza mafuta kwa nusu ya wachezaji wa Bujumbura. Nilikuwa nimeeleza kitu kizima, toka mwanzo hadi mwisho, na sehemu hiyo moja nikairuka.

Jumatatu, msichana wa mstari wa mbele darasani aliniuliza kama ni kweli lastiki ya goti haishoneki. Jumanne sokoni nilisikia maelezo yangu yakitolewa na muuza mkaa kwa kutumia ukindu, na lazima niseme aliyatoa vizuri. Aliongeza hata maji yanayojaa kwenye kiungo, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau. Jumatano kipa alipokea sauti ya mke wake kwenye simu: wamesema una goti, usiruke sana, sisi tunakungoja tu. Hilo alinieleza mwenyewe baadaye.

Alhamisi barieri ilifunguliwa na mjumbe akaja. Alikuwa mtu mpole, mwenye mwavuli na daftari, anayesema Kiswahili chenye Kirundi ndani yake. Alikaa upande wa kulia wa goli. Kipa siku ile alizuia kila kitu. Alizuia hata mpira mmoja uliogonga jiwe na kubadili njia, na sisi tuliokuwa tumesimama pale tukasahau tulichofanya, tukapiga makofi. Mjumbe hakuangalia mikono. Aliangalia jinsi kipa anavyoinuka. Na kipa, kama makipa wote kwenye mawe, aliinuka polepole, akipangusa kitambaa chake.

Kabla ya mazoezi kwisha mjumbe alifunga daftari. "Ni kipa mzuri," aliniambia, akijua mimi ni nani. "Pole yake."

Saa nane na nusu kipa alibisha kwangu. Alikuwa bado na vumbi.

"Prof, unisamehe kukusumbua," alisema. "Watu wanasema weye ndiye unajua hii goti yangu."

Alikaa, akafungua kitambaa, akaweka mguu juu ya kiti kingine. Goti lilikuwa goti. Lilikuwa na makovu ya mawe, basi.

"Minye sikuwa najua kama iko kitu," aliendelea. "Lakini toka juzi naisikia. Nikipanda hapa kwako nimeisikia. Unieleze polepole, nitaelewa."

Hayo ndiyo maneno ninayowaambia wanafunzi wangu kila mwaka, siku ya kwanza: nitaeleza polepole, mtaelewa. Nilimweleza. Nilimwambia kuhusu ndagala, bobini, lastiki, na mchuuzi mlangoni. Sikuacha kitu. Alisikiliza bila kunikatiza, na nilipomaliza alianza kufunga kitambaa chake upya, akikizungusha kwa uangalifu.

"Nani alisema ya kwamba imechanika?"

"Sote," nikasema. Halafu nikasema, "Mimi."

Alifunga fundo. "Barieri inafungwa saa kumi," alisema. "Ule muzee wa daftari hajavuka. Tuende."

Tulipanda pikipiki moja ya abiria, yeye nyuma yangu, magoti yake marefu yakinigusa pande zote mbili mpaka Kavimvira. Foleni ilikuwa ndefu: wanawake na mabeseni, wanaobadilisha pesa na viti vyao, malori yaliyozimwa. Mjumbe alikuwa karibu na mbele, karatasi yake imeshapigwa muhuri. Nyuma yake alikuwa mchuuzi na madumu.

Nilieleza. Nadhani sijawahi kueleza vizuri namna ile maishani mwangu. Sikuwa na bobini, nilitumia ngumi zangu mbili. Nilisema goti ni zima, kwamba tulizua, kwamba tulikuwa tunamficha kipa wetu kama mtu anavyoficha samaki mzuri. Nilisema ni kosa langu. Mjumbe alinisikiliza hadi mwisho, kichwa kimeinama.

"Prof," alisema, "ile ya lastiki niliielewa vizuri sana. Hii siielewi."

"Siku ya Mungu, kwa fundi, imechanika, leo imepona," mchuuzi akasema. "Hiyo dawa mutuuzie na siye, tuko na mabeki wawili wagonjwa."

Foleni ikacheka. Hawakuwa watu wabaya. Kwao mimi nilikuwa shabiki wa kijani aliyekuja kuuza kipa mbovu dakika ya mwisho, na ningekuwa mahali pao ningecheka vilevile. Kila nilivyozidi kueleza, ndivyo goti lilivyozidi kuchanika.

Mjumbe alimgeukia kipa. Sauti yake ilikuwa ya huruma.

"Basi ruka, mwanangu. Kulia."

Watu walisogea, wakaacha nafasi pembeni mwa barabara. Kipa alivua viatu, akasimama. Nilikuwa nimemwona akiruka kulia mara mia. Aliruka, mikono yake ikafika juu mahali palepale inapofika siku zote, lakini wakati wa kushuka alijikunja hewani akatua kwa mguu wa kushoto.

Alikuwa amelihurumia goti la kulia. Lilikuwa zima, na yeye alikuwa amesikia kwamba ni zima, kwangu mimi, saa moja tu kabla. Lakini mwili ulikuwa umeelewa somo la kwanza. Aliangalia chini, mguu wake wa kushoto kwenye vumbi, na niliona kwamba ameona.

"Msimu mwingine, Mungu akipenda," mjumbe alisema. Alimshika mkono, akanishika na mimi, akavuka. Mchuuzi akavuka. Halafu barieri ikashuka, wale tuliobaki tukageuka kurudi, na hatukupata pikipiki; tulitembea. Njia nzima nilitafuta mfano wa kumpa na sikuupata. Mara moja tu alisema kitu. Alisema, "Haiumi kabisa, Prof. Ninaisikia tu."

Jumapili iliyofuata alikuja atelie. Hakuwa na desturi ya kuja. Wachezaji hawaji pale tunapowajadili. Fundi, asiyejua afanye nini na mikono yake, alivua meta na kumpa.

Kipa aliivaa shingoni, akakaa kwenye benchi karibu na mama wa ndagala, na hakusema neno.

Mnakumbuka sheria. Tulikaa. Cherehani ilinyamaza, kwa sababu hata kushona ni kelele. Chuma cha makaa kilianza kupoa. Mama wa ndagala alikuwa na beseni lake mlangoni, jua limelifikia, na hakuinuka kulisogeza. Mchuuzi alifika na baiskeli, akafungua mdomo kwenye kizingiti, akatuona, akaufunga. Hakuna aliyeondoka, maana kuondoka mtu akiwa na meta ni kumkata kauli. Sijui ilikuwa muda gani. Najua kwamba nilisikia maji ya ziwa, ambayo toka pale Kimanga mchana huwa huyasikii.

Mwishoni kipa alisimama. Alivua meta, akaikanyaga ncha moja kwa kidole cha mguu, akainyoosha juu kando ya paja lake, akaibana mahali fulani kwa vidole viwili.

"Fundi," alisema, "nilitaka unishonee robe ya mutoto. Siku anavuka alikuwa hapa." Aliangalia namba, kisha akasogeza vidole juu kidogo, akavirudisha. "Sasa hivi sijue."

Akanipa meta mimi, akatoka.

Wote waliniangalia, na ilikuwa zamu yangu, na nilikuwa nayo shingoni. Nikawaeleza kilichotokea barieri, mbele ya mchuuzi, toka mwanzo hadi ule mguu wa kushoto. Mama wa ndagala alijifunika uso kwa kitenge. Mchuuzi alisema polepole kwamba atamwambia mjumbe, na najua alimwambia, maana alituletea jibu: wamepata kipa mwingine, mwenye magoti.

Hatukushuka daraja. Kipa bado anadaka kwetu, na kwa mechi nyingi sasa anatua tena kwa miguu yote miwili. Nilimfanyisha mazoezi mwenyewe, asubuhi kabla ya shule, ruka na utue, ruka na utue, na kila mara nilimwambia vizuri, hivyo hivyo, tena. Mjumbe hajarudi. Barieri inafunguliwa na kufungwa.

Robe, yaani gauni la mtoto, ilishonwa wiki ileile, ya kijani, kitambaa kilichobaki kwenye jezi. Fundi alipima kwa namba ile ya vidole viwili, lakini chini akaacha pindo nene, lililokunjwa mara tatu, ili iweze kurefushwa. Iko imetundikwa kwenye msumari juu ya cherehani, na chini yake tunaendelea kujadili nani aende na nani aje. Pindo ameshalifungua mara moja.